Mwili Nao Una Tarehe ya Mwisho

Haya ni maneno yaliyosemwa na mmoja wa wahudumu wetu wa kesi kwenye kikao cha familia mpya, Yeoville. Tumeyachapa kwa sababu wazazi wengi waliomba kuyasoma tena nyumbani pamoja na watoto wao.

  Nawaona ninyi vijana mliojipanga kule nyuma karibu na mlango, mnaoniangalia kama mtu aliyekuja kuwanyang'anya simu.

Karibuni Johannesburg. Najua wengine wenu mna wiki chache tu katika mji huu, na bado mnahesabu mitaa kutoka hapa hadi soko la Rockey Street msije mkapotea. Mimi nilifika mwaka 2007 nikiwa na miaka 16, pamoja na baba, mama na wadogo zangu wawili. Tulitoka Uvira. Kwa hiyo ninayoyasema leo sikuyasoma chuoni peke yake.

Nilipangiwa kuzungumza juu ya shule. Nitafika shuleni, lakini naomba mniruhusu nipite kwanza jimu.

Mwaka jana mama mmoja alikuja ofisini kwetu akiwa amebeba begi la shule. Begi lilikuwa la mwanawe wa miaka 16, yuko darasa la 10. Ndani hamkuwa na daftari hata moja. Kulikuwa na glavu, kinga ya meno na kaptula. Mtoto alikuwa anatoka nyumbani asubuhi na sare, kumbe siku mbili kwa wiki haendi shuleni, anakwenda kufanya mazoezi ya MMA. Kuna mtu alikuwa amemwahidi randi 1,500 kwa pambano moja, na alishampa karatasi ya kusaini. Mama akaniuliza: "Nifanye nini?"

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu hadi kwenye ngazi. Nilimjibu haraka: "Mama, mkataze."

Akamkataza. Kijana akaondoka nyumbani, akalala nje siku mbili. Mama alizunguka Berea na Hillbrow usiku akiuliza watu. Lile lilikuwa kosa langu, na nalisema mbele yenu ili lisirudiwe.

Kijana aliporudi, nilikwenda nyumbani kwao, nikakaa naye. Nilimuuliza kwa nini anataka kazi ya kupigana. Sikutegemea jibu lake. Alisema: "Ninyi wakubwa kazi yenu ni kukimbia. Mlikimbia nyumbani, mkakimbia njiani, na hapa tukisikia kelele barabarani mnatuambia tufunge mlango. Mimi nimechoka kukimbia."

Sikuwa na la kumwambia. Mei 2008, watu waliposhambulia wageni katika vitongoji vya mji huu na zaidi ya watu 60 wakauawa, mimi nilikuwa na umri unaokaribia wake. Tulilala kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa, na nilimwona baba yangu akiwa na hofu. Mtoto akimwona baba yake na hofu hasahau. Kwa hiyo nilimwelewa yule kijana. Badala ya kumhubiria, nikamwambia: "Nionyeshe hao wapiganaji unaowapenda."

Kwa wasioujua mchezo huu, niwaeleze kidogo. MMA ni ngumi, mateke, mieleka, judo na kukabana, vyote katika pambano moja. Watu wawili wa uzito unaolingana huingia kwenye kizimba chenye uzio. Pambano la kawaida lina raundi 3 za dakika 5. La mkanda lina raundi 5. Unashinda kwa kumwangusha mwenzako asiweze kuendelea, au kwa kumkaba hadi apige kofi la kusalimu amri, au majaji wanahesabu pointi. Hapa Afrika Kusini, shirika lililoukuza mchezo huu ni EFC, lililoanza mwaka 2009 hapa hapa Johannesburg. Pambano la kwanza lilikuwa kwenye ule ukumbi mkubwa wa Dome, kule Northgate. Ukipita pale leo utakuta panauzwa magari yaliyotumika.

Kijana alinionyesha kwenye simu mapambano ya Dricus du Plessis wa Pretoria, aliyetokea EFC na Januari 2024 akawa bingwa wa UFC, shirika kubwa la Marekani. Kisha akaniambia: "Sasa ngoja nikuonyeshe wa kwetu."

Wa kwetu anaitwa Dalcha Lungiambula. Ni Mkongo, amezaliwa mwaka 1987. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa judo. Alijenga jina lake hapa Afrika Kusini ndani ya EFC, na akavaa mikanda miwili: wa uzito wa hadi kilo 93, na wa uzito wa juu kabisa. Si mtu mrefu. Wengi aliopambana nao walikuwa wanamtazama kutoka juu. Lakini ana mabega kama mlango, na akikushika, umeshikwa.

Nilipoangalia video zile nilimkumbuka baba yangu. Baba alikuwa muuguzi Uvira. Alifunga vidonda, alizalisha wanawake, alichoma sindano za watoto wa mtaa mzima. Tulipofika hapa, cheti chake kilikuwa cha Kifaransa, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Akavaa koti la kijani kibichi, akawa analinda magari nje ya duka kubwa. Mikono ile ile iliyozalisha watoto ikawa inaonyesha madereva pa kurudi nyuma. Wengi wenu humu mnalijua jambo hilo: mwalimu anasuka nywele, fundi umeme anabeba mizigo.

Sasa mwangalieni mcheza judo. Ujuzi wake hauhitaji kutafsiriwa. Ukimtupa mtu chini, ametupwa kwa Kifaransa, kwa Kizulu na kwa Kiingereza. Hakuna dirisha la kupeleka nakala tatu zilizogongwa muhuri. Ndiyo maana vijana wetu wanaupenda mchezo huu, na wazazi, naomba tusiwacheke. Wameona kile tulichokosa sisi: cheti ambacho mtu anakibeba mwilini na mpaka haukitambui.

Nilimwambia yule kijana: "Nimekubali. Huyu ni mtu wa kuheshimiwa. Sasa twende pamoja tuangalie kazi yake yote, mwanzo hadi mwisho, tusiangalie zile dakika nzuri tu." Tukakaa mezani, mama yake akaleta chai, tukaandika kwenye daftari.

Juni 2019, akiwa na miaka 31, Lungiambula anapigana kwa mara ya kwanza UFC, kule Minneapolis, Marekani. Anamshinda Dequan Townsend raundi ya tatu. Usiku huo huo pambano kubwa lilikuwa la Francis Ngannou wa Kameruni, aliyevuka jangwa na bahari kufika Ulaya na kulala nje Paris kabla ya kuwa bingwa. Waafrika wawili usiku mmoja. Kijana wangu alitabasamu hadi masikioni.

Novemba mwaka huo huo, Moscow, anakutana na Magomed Ankalaev. Anapoteza kwa kuangushwa raundi ya tatu. Si aibu: Machi 2025 huyo Ankalaev alikuja kuwa bingwa wa dunia.

Halafu tukaangalia tarehe iliyofuata. Pambano lake la tatu lilikuwa Januari 2021. Nikamwambia kijana ahesabu miezi. Akahesabu kwa vidole: 14. Ulikuwa mwaka wa korona, mipaka imefungwa. Nikamuuliza: "Mpiganaji analipwa wakati gani?" Akasema: "Akipigana." Nikamwambia: "Basi andika hapo, miezi 14." Mama akaacha kukoroga chai. Yeye analipa kodi ya chumba kila tarehe mosi, alielewa kabla ya mtoto.

Januari 2021, Abu Dhabi, Lungiambula ameshuka uzito wa kilo 84 na anamshinda Markus Perez kwa pointi. Huo ndio ushindi wake wa mwisho UFC. Septemba 2021 anapoteza kwa pointi. Machi 2022 anakabwa shingo raundi ya kwanza. Julai 2022 anaangushwa raundi ya pili. Desemba 2022, raundi ya pili tena, na safari yake UFC ikaishia hapo. Jumla mapambano 7: kashinda 2, kapoteza 5. Alikuwa na miaka 35.

Naomba mnielewe vizuri. Simtaji mtu huyu ili kumdharau. Katika watu wote wanaotamani kufika pale, ni wachache mno wanaofika, naye alifika, akitokea Kongo kupitia Afrika Kusini. Namtaja kwa sababu kazi yake inatuonyesha wazi kile ambacho mkanda unakificha. Sisi wakimbizi tunazijua tarehe za mwisho. Kila mmoja hapa anajua kibali chake kinaisha lini. Tunalala nayo tarehe hiyo na kuamka nayo. Mwili nao una tarehe ya mwisho, ila haijaandikwa popote, na hakuna ofisi ya kwenda kuuongezea muda. Muuguzi wa miaka 35 ndiyo kwanza anaanza kuwa mzuri. Mpiganaji wa miaka 35 anatafuta kazi nyingine.

Kwa hiyo swali si kama mtoto apigane au asipigane. Swali ni: siku mwili utakaposema basi, mkononi mwake kutakuwa na nini?

Na hesabu ya pesa, wazazi, ifanyeni pamoja nao. Kwa kawaida mikataba ya wanaoanza UFC ina sehemu mbili: kiasi fulani kwa kupanda kizimbani, na kiasi kama hicho tena ukishinda. Ukipoteza umekosa nusu. Katika hiyo iliyobaki, kocha ana sehemu yake, wakala ana yake, kodi ya serikali ina yake. Yupo jirani yetu Mzimbabwe, Themba Gorimbo, aliyepitia Afrika Kusini na EFC hadi Marekani. Mwaka 2023 alisema hadharani kwamba kabla ya pambano lake la pili UFC akaunti yake ilikuwa na dola 7 na alikuwa analala jimu. Alishinda, na mwigizaji Dwayne Johnson akaguswa, akampa nyumba. Vijana wanaikumbuka nyumba. Mimi nataka wakumbuke dola 7. Mtu alikuwa tayari amefika UFC, na mfukoni alikuwa na dola 7.

Sasa niseme na akina mama. Kuna mpiganaji wa Uingereza anaitwa Leon Edwards. Alizaliwa Jamaika, akahamia Uingereza akiwa na miaka 9. Alikuwa na miaka 13 baba yake alipouawa kwa risasi. Kijana akaanza kuzama kwenye makundi ya mtaani huko Birmingham. Aliyempeleka jimu akiwa na miaka 17 ni mama yake. Aliona mtoto ana hasira, akaitafutia hasira hiyo mahali penye mwalimu, saa na sheria. Mwaka 2015 Edwards alipoteza kwa Kamaru Usman, mzaliwa wa Nigeria. Alisubiri miaka karibu saba kukutana naye tena. Agosti 2022, akiwa nyuma kwa pointi na zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 60, akampiga teke la kichwa na kuwa bingwa wa dunia. Mkanda aliukaa nao chini ya miaka miwili, akaupoteza Julai 2024 mbele ya watu wake, Manchester.

Huyo mama hakukataza. Wala hakumwacha mtoto aende peke yake. Alimpeleka. Hapo ndipo nilipokosea mwaka jana: mimi nilijua kukataza na kuruhusu tu, nikasahau kwamba mzazi anaweza kumpeleka mtoto na kubaki naye hapo hapo.

Mkiamua kupeleka, naomba mfanye haya.

Nendeni jimu wenyewe. Msitume salamu. Mkae mwangalie mazoezi saa nzima. Mtoto akipigwa vibaya, kocha anasimamisha au anacheka? Je, watoto wanapigana kichwani na watu wazima? Kama jibu ni ndiyo, chukua begi mrudi nyumbani. Ubongo wa mtoto ukitikiswa leo, hesabu zitamshinda kesho. Judo na mieleka ni mlango mzuri zaidi wa kuingilia, na ndio alioingilia Lungiambula.

Pili, shule inakuja kwanza, mazoezi baada ya masomo. Mtoto wa mkimbizi na mtoto wa mwomba hifadhi wana haki ya kusoma katika nchi hii. Mwaka 2019 mahakama kuu ya Makhanda ilitamka kwamba hata mtoto asiye na hati asifukuzwe shule ya serikali. Ada ikikushinda, omba msamaha wa ada kwa maandishi. Fomu ipo shuleni, na sisi tutakusaidia kuijaza. Cheti cha matric ni cheti ambacho ngumi haiwezi kukivunja.

Tatu, mtoto wa chini ya miaka 18 hasaini mkataba peke yake. Mtu anayemwita mtoto pembeni na kumpa karatasi bila kumtafuta mzazi ameshakuonyesha yeye ni nani. Leteni karatasi hiyo ofisini tuisome pamoja kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kabla kalamu haijagusa.

Nne, na hili vijana wa nyuma mnisikilize. Kizimba hakikuulizi kibali, lakini ndege inakuuliza. Mwenye karatasi ya kifungu cha 22, yaani mwomba hifadhi ambaye kesi yake haijaamuliwa, akitoka nje ya nchi anahatarisha ombi lake lote. Mwenye hadhi kamili ya ukimbizi, kifungu cha 24, anaweza kuomba hati ya kusafiria ya mkimbizi kupitia Home Affairs, na inachukua muda, kwa hiyo iombwe mapema, isingojee tiketi. Na yeyote asikudanganye uchukue pasipoti ya nchi uliyoikimbia kwa ajili ya mashindano. Kufanya hivyo kunaweza kukupotezea hadhi yako, na wakati mwingine kutikisa kesi ya familia nzima. Nimewahi kuona kijana mwenye kipaji akikosa safari kwa sababu hakuna aliyemwambia hayo mapema. Mwaka huo hakuna aliyempiga kizimbani. Alishindwa na karatasi.

Mtauliza, yule kijana wa begi yuko wapi?

Mama yake alimwambia yule mtu wa randi 1,500 kwamba karatasi itasomwa kwanza na watu wa ofisi. Hakuonekana tena. Mama na mimi tukatembelea jimu tatu. Ya kwanza tulitoka baada ya dakika kumi. Ya tatu ilikuwa na mwalimu wa judo aliyetuuliza, kabla hatujamuuliza lolote, "Ripoti yake ya shule iko wapi?" Tukajua tumefika.

Sasa kijana anafanya mazoezi jioni mbili kwa wiki baada ya masomo, na Jumamosi asubuhi. Mwezi uliopita alishiriki mashindano ya judo ya vijana. Alishinda pambano la kwanza, la pili akatupwa chini kama gunia la unga. Mama alikuwa mstari wa mbele, amejifunika uso na kitenge. Kijana aliinuka, akamwinamia mpinzani wake kama wanavyofanya, akaja kukaa karibu na mama. Mama akamwambia: "Umeanguka vizuri." Mimi nilikuwa nyuma yao, nikajifanya natafuta kitu kwenye simu.

Sijui kama atafika UFC. Wengi hawafiki, na waliofika mmeona jinsi safari zao zilivyokwenda. Ninachojua ni kwamba mwaka kesho atafanya mtihani wa matric, na siku ya kwanza nilipokaa naye aliniambia amechoka kukimbia. Wiki iliyopita nilimkumbusha maneno yale. Akacheka, akasema: "Bado nimechoka kukimbia. Ila sasa nafika."

Baba yangu aliacha kulinda magari mwaka ambao mimi nilipata kazi yangu ya kwanza. Hakurudi tena kwenye uuguzi. Tarehe yake ilikuwa imepita. Lakini kila jioni ya miaka ile alirudi na koti lake la kijani, anakaa, ananiuliza: "Leo mmesoma nini?" Alikuwa amechoka, na bado aliuliza. Nanyi waulizeni watoto wenu swali hilo leo jioni. Waulizeni pia wanapigana na nani, wapi, na nani amewapa karatasi.

Kalamu za ofisi yetu ni za bure, chai pia. Njooni kabla ya kusaini.